Usiku wa Maji Mafu

Uvuvi wa mshipi wa ufuoni ni uvuvi wa mtu asiye na chombo. Vifaa vyake vyote huingia katika mfuko mmoja: uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa tupu ya maji au kipande cha mti, ndoana chache za ukubwa mbalimbali, risasi za kuzamishia, kisu, chambo, na tochi ya kufunga kichwani. Mvuvi husimama mchangani au juu ya mwamba, huzungusha mwisho wa uzi wenye risasi, huuachia uende, kisha hungoja akiwa ameuweka juu ya kidole cha shahada. Katika pwani ya Malindi na Kilifi kazi hii hufanywa zaidi usiku. Giza likiingia, samaki wengi husogea karibu na nchi kavu kutafuta chakula, na wavuvi wenyewe mchana wana shughuli nyingine: mjengo, bodaboda, kuchota na kuuza maji, kulinda nyumba za watu.

Kisumu Ndogo ni mtaa wa vyumba vya kupanga mjini Malindi. Mji wa Kilifi nao una mtaa wa jina hilohilo, lakini unaozungumziwa hapa ni wa Malindi. Humo wanaishi Wagiriama, Waluo, Wakamba, Waswahili na wengine waliofuata kazi mjini, na kutoka hapo hadi baharini ni mwendo wa miguu. Wavuvi wake wa usiku ni wa namna mbili. Wapo waliolelewa na bahari, ambao baba zao walivua kwa mitumbwi na madema, na wapo waliokuja na ujuzi wa ziwa. Mtu aliyekulia kwenye fukwe za ziwa za Dunga au Usenge anajua kupiga kasia, kufunga ndoana na kusoma mawingu, ila ujuzi wake wa usiku umejengwa juu ya kitu kingine. Katika Ziwa Viktoria omena huvuliwa wakati wa giza la mwezi, wakivutwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Maji ya ziwa hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha mvuvi kukitia hesabuni. Kwa hiyo mvuvi wa ziwa akiona hakuna mwezi, ana sababu ya kutosha kutoka nyumbani. Baharini, giza ni nusu tu ya habari.

Nusu nyingine ni maji. Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, ndiyo maana kila siku maji hujaa takriban dakika 50 baada ya saa yaliyojaa jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake na wa jua hushikana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, pengine ikakaribia 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana nguvu, na tofauti hushuka hadi kama mita moja. Hayo ndiyo maji mafu. Saa za maji nazo hufuata mwezi bila kukosea. Siku za bamvua, maji ya Malindi hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni saa nne na kupwa ni saa kumi. Mwenye kujua tarehe ya mwezi wa Kiislamu hana haja ya kuuliza. Asiyeijua ana jedwali la maji ya bandari ya Mombasa, linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na tofauti iliyopo kati ya Mombasa na Malindi ni ndogo mno kumsumbua mtu wa mshipi.

Usiku wa bamvua una mpango wake. Saa nne, maji yakiwa yamepwa kabisa, mvuvi huteremka hadi kwenye miamba iliyobaki wazi, huokota chambo, humulika mashimo na vijia vya maji kwa tochi, kisha hurudi nyuma kidogo kidogo kadiri maji yanavyopanda. Samaki hupanda pamoja na maji hayo. Changu, mkundaji na kolekole huingia juu ya tambarare iliyokuwa kavu saa chache zilizopita, wakiwatafuta kaa na kamba waliojificha humo. Mkondo una nguvu, harufu ya chambo husafiri mbali, na mshipi haupati nafasi ya kulala. Hatari ya usiku huo ni kwamba maji hayaji kutoka mbele peke yake. Huingia kwanza kwenye mabonde ya nyuma, upande wa nchi kavu, wakati mvuvi macho yake yako baharini, na anapogeuka hukuta mwamba wake umekuwa kisiwa. Mwenye busara husimika fimbo kwenye njia yake ya kurudi, na maji yakiigusa fimbo huondoka hata kama samaki ndiyo kwanza wameanza kuuma.

Kumbukumbu zilizozaa makala haya ni za usiku wa namna nyingine, usiku wa maji mafu wa mwezi wa Septemba, kusi ikiwa imeanza kulegea, kwenye mchanga na miamba iliyo kusini ya mnara wa Vasco da Gama kuelekea Silversands. Waliokuwapo ni kijana wa Kisumu Ndogo mwenye asili ya ziwani na mzee wa mtaa wa Shela, Malindi, aliyevua ufuo huo tangu utoto wake. Nusu ya mwezi ilikuwa juu vichwani jua lilipozama. Maji yalipanda polepole hadi kama saa tano, yakasimama bila kuifikia mistari ya mwani mkavu iliyoachwa na bamvua lililopita. Chambo kilikuwa ngisi aliyekatwa vipande virefu na kamba wachache wa kununua. Tangu magharibi hadi karibu na usiku wa manane, mishipi yote miwili ilirudi na ndoana tupu, au na chambo kilichotafunwa pembeni.

“Mzee, hawa samaki wamehama?” kijana aliuliza.

“Hawajahama, mwanangu. Maji ndiyo yamelala. Ngoja yaanze kutoka.”

Jibu hilo lina maelezo yake. Samaki wa ufuoni hutegemea mwendo wa maji kuletewa chakula, na hukijua chakula kwa harufu kabla hajakiona. Maji yanapokwenda, harufu ya ngisi hutoka kwenye ndoana ikafuata mkondo, na samaki aliye mbali hupanda nayo hadi kwenye chambo. Maji yakisimama, harufu hubaki papo hapo, ikawafaidi kaa na visamaki vilivyo jirani tu. Kisha kuna suala la kina. Siku za maji mafu, maji ya kujaa hayafikii sehemu za juu za tambarare, ambako siku za bamvua ndiko kwenye karamu. Samaki mkubwa hana sababu ya kuvuka mchanga mtupu kuja kwenye maji ya kimo cha goti. Mbalamwezi nayo ina sehemu yake katika maji maangavu ya kusini mwa mji, kwa kuwa uzi huonekana na kivuli cha mtu huangukia mbele. Sababu zote tatu zilikutana usiku ule, na yeyote aliyezijua angeweza kuutabiri uhaba wake tangu asubuhi.

Wavuvi wengi wakiona hivyo hukunja uzi wakarudi nyumbani, na hawalaumiki, maana wanaamkia kazi. Lakini maji mafu yana faida ambayo bamvua haliwezi kuitoa: ndiyo wakati pekee ambao mvuvi wa ufuoni anaweza kuijua sakafu anayoivua. Siku za mkondo mkali, risasi huburutwa, uzi hupindwa na maji, na kila mtikisiko hufika kidoleni umechanganyika na mwingine. Maji yakilala, uzi hunyooka, na risasi ikivutwa taratibu kuelekea nchi kavu hueleza inapopita. Juu ya mchanga hutambaa laini bila kukwama. Kwenye majani ya bahari huzidi uzito kidogo kidogo kisha huachiwa ghafla. Juu ya mwamba hugonga, hukaa kimya, hugonga tena. Palipo na bonde, uzi hulegea ghafla mkononi kwa muda wa pumzi moja, kisha risasi hufika chini na uzi hukaza. Mzee wa Shela alikuwa akirusha hatua chache kushoto kwa aliporusha mwanzo, akivuta, akisogea, akirusha tena, na ilionekana kama mtu anayehangaika kumtafuta samaki. Kumbe alikuwa anatafuta mlango: mfereji mwembamba kati ya miamba miwili, ambao samaki wa maji ya kutoka hulazimika kuupita. Mchanga wa Malindi huhama kila msimu, na mfereji wa kaskazi iliyopita huenda umezibwa na kusi, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa kila mwaka. Mvuvi asiyeifanya siku za maji mafu huja kuifanya siku za bamvua, kwa gharama ya ndoana na risasi zinazonasa kwenye mawe.

Somo la pili la usiku mtulivu ni kutofautisha miguso. Visamaki vidogo hudonoa haraka haraka, na kuvijibu kwa kuvuta ni kupoteza chambo. Kaa hauvuti uzi kwa kishindo. Huusogeza upande, pole, kwa uzito usiobadilika, na ukimvuta huachia karibu na ukingo wa maji. Changu hupiga mara mbili, hunyamaza, kisha huondoka nao. Mkunga humeza akarudi shimoni mwake, na mvuvi hudhani amenasa jiwe mpaka jiwe lilegee na kukaza lenyewe. Samaki aitwaye taa humfanya mtu aone kama sakafu yenyewe imeanza kutembea. Maelezo ya mdomo hayatoshi hapa. Yanahitaji saa nyingi za kidole juu ya uzi ambao hakuna kinachoendelea, ili mguso ukija usiwe na kelele nyingine ya kuufunika.

Mwezi ulizama baada ya saa sita, maji yakiwa yameshaanza kutoka. Giza lilipotimia, kila wimbi lililovunjika liliacha mng'ao wa kijanikibichi, unaotoka kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huwaka maji yakitikiswa. Uzi nao ulichora mstari wa mwanga kila ulipotikiswa, na hilo lilikuwa fundisho jingine: usiku wa mng'ao, uzi hurushwa ukaachwa utulie, maana kila mvuto wake ni taa kwa samaki. Mzee alirusha kwenye mlango alioutafuta jioni yote. Walipatikana changu wa ukubwa wa kiganja, tewa mdogo, na ngogo.

Ngogo anastahili maneno zaidi kwa sababu ndiye anayeumiza watu wengi gizani. Ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni nyuma ya kichwa, na mwili wenye utelezi usioshikika. Ukimkamata kwa haraka ya furaha baada ya saa nyingi za kukosa, hukuchoma. Hushikiliwa kwa kukanyagwa na kiatu, uzi ukakatwa karibu na mdomo, ndoana ikaachwa. Aliyechomwa hutia mkono au mguu katika maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia, kwa nusu saa au zaidi, kwa kuwa sumu hiyo huharibiwa na joto. Maumivu yakizidi au mwili ukivimba, ni hospitali. Bunju ni hatari ya aina nyingine. Huvimba akitolewa majini, watoto humchekea, na asiyejua huona nyama nyingi. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na imeua watu mahali pengi duniani. Hurudishwa baharini, au hufukiwa mbali na mbwa na paka.

Mvuvi wa Malindi hawezi kuzungumzia maji bila kuutaja Mto Sabaki. Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hukutana na Tsavo ukawa Galana, na huingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi ukiwa Sabaki. Mvua zikinyesha bara, udongo wa mashamba hubebwa hadi hapa, na Ghuba ya Malindi hugeuka kahawia. Mchanga wenye vimeta vya dhahabu unaopendwa na wageni umeletwa na mto huohuo, na ndiyo sababu ufuo wa ghuba umepanuka hadi majengo yaliyokuwa karibu na maji yakawa mbali nayo. Wakati wa kusi, maji ya mto husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui. Wakati wa kaskazi hurudi kusini, yakapita mbele ya mji na kufika hadi kwenye matumbawe. Kwa mtu wa mshipi hili ni jambo la kuamua aende wapi. Maji ya kahawia huwafaa fumi na kamba, na mwezi hauna nguvu ndani yake, hivyo hata usiku wa mbalamwezi unavulika. Changu na tewa wa mwambani hupenda maji maangavu. Kijana anayetoka Kisumu Ndogo na mfuko wake ana uchaguzi kati ya ghuba na Silversands, na rangi ya maji ya jioni humwonyesha pa kwenda vizuri kuliko uvumi wa samaki waliopatikana jana.

Usiku usio na samaki humfanya mtu awe shahidi wa mengine. Kasa hupanda kwenye fukwe za Malindi na Watamu kutaga mayai gizani, zaidi ya mia kwa mara moja, na watoto huanguliwa baada ya miezi kama miwili. Tochi ikimwangazia kabla hajaanza kutaga, hugeuka akarudi majini. Kasa wote wanalindwa na sheria ya Kenya. Watamu kumekuwa na kazi ya kulinda viota tangu 1997, na wavuvi wa usiku, ambao ndio macho pekee yaliyo wazi ufuoni saa hizo, wana nafasi kubwa katika ulinzi huo kuliko mtu mwingine yeyote. Kinachotakiwa kwao ni kuzima taa, kukaa mbali, na kutoa habari asubuhi.

Sheria humhusu mtu wa mshipi kwa njia nyingine pia. Kusini ya mji, upande wa Casuarina, kuna Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968 pamoja na ile ya Watamu, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kuvua chochote, hata kwa ndoana moja. Juya la kukokota ufuoni lilipigwa marufuku nchini 2001, kwa kuwa huzoa wachanga pamoja na wakubwa na kung'oa majani ya bahari. Mshipi hauna madhara hayo, na ingefaa upewe heshima yake kama uvuvi unaochagua. Tangu 2007 fukwe zina vikundi vya usimamizi wa ufuo (BMU) vinavyosimamia wavuvi na mahali pa kushushia samaki. Watu wa mshipi wa usiku mara nyingi hawamo katika hesabu zake, kwa kuwa samaki wao huenda moja kwa moja jikoni au kwa jirani.

La kuuma zaidi ni njia. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Mvuvi akishafika hapo amesimama juu ya haki yake. Taabu ni kufika. Viwanja vya mbele ya bahari vimejengwa kuta, na vijia vilivyokuwa kati yake vimekuwa vikipungua au kufungwa mageti. Mtu wa Kisumu Ndogo ambaye zamani angekata moja kwa moja hadi majini hulazimika kuzunguka, usiku, na mfuko wa ndoana na kisu ambao mlinzi yeyote anaweza kuushuku. Vijia hivyo vinastahili kupimwa, kuwekewa alama na kulindwa kama barabara nyingine za mji, kwa sababu ufuo wa umma usiofikika ni wa umma katika karatasi tu.

Kabla ya alfajiri umande hutoka bara, upepo baridi na mwepesi unaolaza mawimbi ya karibu, na hapo wengi hukunja uzi. Usiku wa kupata, samaki hupelekwa kwa mama karanga, wanawake wanaonunua samaki kidogo kidogo, kuwakaanga na kuwauza mitaani kabla ya watu kwenda kazini. Wao hupenda kununua mapema, wakiwa na mafuta tayari jikoni. Usiku wa maji mafu hakuna cha kumpelekea mama karanga. Changu na tewa walikwenda nyumbani wakawa mchuzi. Ngisi aliyebaki alitiwa chumvi nyingi ndani ya kopo, ambamo hukaa siku kadhaa na kuwa mgumu, asiyenyofolewa kwa urahisi na visamaki. Uzi hufunguliwa wote kutoka kwenye chupa, hupitishwa kati ya vidole kutafuta mikwaruzo ya mwamba, sehemu iliyokwaruzwa hukatwa, na uliobaki huoshwa kwa maji baridi ya bomba kuondoa chumvi. Ndoana hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia. Baada ya hapo huhesabiwa siku: kutoka nusu ya mwezi hadi mwezi mpevu ni juma moja, na kila usiku wa juma hilo maji huzidi nguvu, mpaka bamvua litakapoyapeleka kwenye mlango uliokwisha kujulikana ulipo.